Siku Fisi Hakutapika

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata kama nimekaa hapa jikoni kwangu Lizaboni napepeta mchele, naweka ungo chini natoka nje kuvuta hewa. Kwa umri huu watu wanadhani hakuna kinachonitisha tena. Waache wadhani. Jumapili ulipokuja na simu yako ukanionyesha ule mchezo wa hesabu unaotaka kuwachezesha watoto wako wa darasa la awali, ule wa mamba na bata, nilikusifu, si ndiyo? Nikasema umejitahidi. Lakini uliniona nilivyonyamaza mamba alipommeza yule bata mdogo kwa sababu mtoto kakosea kujumlisha. Ukaniuliza, "Shangazi, umechoka?" Nikakudanganya kwamba macho yanauma. Macho hayakuwa na neno. Nilikuwa naogopa, na leo nimeona nikuambie kwa nini, maana na wewe sasa ni mwalimu kama nilivyokuwa mimi, tena una kipaji, na kipaji chako ndicho kinachonitia hofu zaidi.

Wakati huo nilikuwa binti mbichi kabisa, nimetoka shule juzi, nikapewa watoto wa chekechea ya kigango cha kanisa kule mwisho wa mji. Nyumba zilikuwa chache, mahindi yalifika mpaka mlangoni mwa darasa. Watoto walikuwa kumi na wawili. Vifaa? Thubutu! Nilikuwa na visoda kwenye kopo, magunzi ya mahindi, na mdomo wangu. Na mdomo nilikuwa nao, usinione hivi. Watoto waliimba moja mpaka ishirini bila kukosea, lakini ukimpa mtoto visoda vitano, ukachukua viwili, ukamuuliza vimebaki vingapi, anakukazia macho kama umemwibia. Basi nikasema visoda viwekwe pembeni, watoto wenyewe waingie ndani ya hadithi.

Hadithi ilikuwa hivi. Watoto wa bibi mmoja wamekwenda porini kuokota matunda ya masuku. Fisi anawavizia. Fisi ndiye mimi: najifunika kitenge kichwani, natembea nimeinama, nanguruma. Namkamata mmoja, namla, anakwenda kukaa nyuma ya ukuta wa darasa, ndilo tumbo la fisi. Waliobaki wanajihesabu, kumi na mmoja! Namla mwingine, kumi! Mwisho fisi anashikwa na tumbo, anatapika, na kila anayetoka anataja namba yake kwa sauti. Aliyeliwa wa kwanza anasema moja, wa pili anasema mbili, hivyo hivyo mpaka wote wamerudi kwa bibi yao. Sheria ilikuwa moja tu, na niliitunga mwenyewe nikaikazia: aliyeliwa hasemi. Hata akiitwa na mama yake mzazi, hasemi mpaka fisi atapike.

Weee! Ndani ya wiki mbili watoto wa miaka mitano walikuwa wanajua kutoa. Wazazi wakawa wananisimamisha njiani kunipa hongera, nami nikavimba kichwa. Nilianza kujiona hakuna mwalimu mwingine Songea nzima. Kulikuwa na mtoto mmoja, Skola, mwembamba, analelewa na bibi yake aliyeitwa Bibi Getruda. Skola hakuwa anacheka wenzake walipocheka. Nikinguruma alikuwa anashika pindo la gauni lake kwa mikono miwili, anatulia tuli, mpaka pumzi huioni. Nikamwambia bibi yake, "Huyu ana usikivu, atafika mbali." Usikivu! Mtoto alikuwa anakufa kwa woga mbele yangu, na mimi nausifu woga wake nauita akili.

Huyo Bibi Getruda alikuwa ameshanionya mapema, lakini kwa jambo jingine. Wiki yangu ya kwanza alinikuta wakati wa kuondoka nawapanga watoto mstari, nawanyooshea kidole: moja, mbili, tatu. Akanijia juu. Kwetu, mwanangu, wazee hawakupenda kabisa watoto wahesabiwe kwa kidole. Ukihesabu mbuzi sawa, ukihesabu mahindi sawa, lakini watoto wa watu usiwanyooshee kidole na kuwatajia idadi yao hadharani. Akaniambia, "Binti, wewe unayehesabu si peke yako unayesikia hesabu hiyo." Nikaomba radhi, na tangu siku ile nikaacha kuwahesabu wakati wa kuondoka. Nitakuambia ukweli ambao sikumwambia mtu: nilifurahi. Kuwapanga mstari ilikuwa kazi, nao mabingwa wa kukimbia ovyo. Nikajificha nyuma ya neno la bibi, nikawa nawaachia waende tu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa mwezi wa kumi, jua kali la kabla ya mvua. Wazazi walikuwa wamefyatua matofali ya darasa jipya, na tanuri lilikuwa limepangwa likaisha, liko hatua chache tu kutoka darasani. Limekandikwa udongo pande zote, na chini lina midomo mitatu ya kutia kuni, mirefu, inaingia mpaka katikati ya matofali. Fundi Xaveri aliyekuwa analisimamia alikuwa na haraka, maana mawingu yalishaanza kujikusanya, na tanuri bichi likinyeshewa kazi yote inageuka tope. Asubuhi alisema atachoma siku ileile, saa tisa. Nilimsikia kwa masikio yangu haya.

Watoto nao siku hiyo walinikera. Waliokuwa nyuma ya ukuta, ndani ya tumbo la fisi, walikuwa wanachungulia na kucheka, wanaharibu mchezo. Nikakasirika. Nikawaambia, "Leo tumbo la fisi ni lile pale," nikaonyesha tanuri. "Anayeliwa anaingia tumboni." Nilikuwa na maana wakakae kivulini, nyuma yake. Ndivyo nilivyojitetea miaka mingi. Lakini neno nililosema ni kuingia, na mtoto wa miaka mitano anafanya ulichosema, si ulichokuwa na maana nacho.

Nikawala wanne. Skola alikuwa wa nne. Nilipomshika bega alikuwa anatetemeka, nikamsukuma kidogo kuelekea kule, nikaendelea kunguruma. Waliobaki wakapiga kelele, "Nane!" Kabla sijamgeukia wa tano, mama wa uji akagonga mfuniko wa sufuria. Nani amzuie mtoto kwenye uji? Wakatimka wote, hata watatu niliokwisha kuwala wakatoka mbio nyuma ya tanuri. Nikavua kitenge nikacheka. Hadithi ikaishia hapo, fisi hajatapika. Baada ya uji kikombe kimoja kilibaki safi kwenye beseni, nikadhani mama wa uji kazidisha. Jua lilikuwa linachoma, nikawaambia, haya, nendeni nyumbani. Wakaenda.

Mnamo saa nane nilikuwa darasani nafagia nikamwona Bibi Getruda mlangoni, hana kanga kichwani. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Hakuitikia. Akasema, "Skola yuko wapi?"

Mwanangu, sikiliza hapa. Nilijua papo hapo kwamba sijui. Sikukumbuka kumwona akinywa uji, sikukumbuka kumwona akitoka. Na mdomo wangu, ule niliokuwa najivunia, ukasema, "Ametoka na wenzake, bibi. Nimemwona kwa macho yangu akishika njia ya bondeni."

Sijui uongo ule ulitoka wapi. Najua ulitoka kwenye woga. Niliogopa kazi yangu, niliogopa aibu, niliogopa macho ya yule bibi. Na kwa sababu mwalimu kasema bondeni, watu wote wakateremka bondeni, mtoni. Wanawake waliacha vyungu motoni. Mwanamume mmoja aliingia majini na nguo zake, akawa anapapasa chini ya matete. Watu wanaita, "Skola! Skola wee!" na mimi naita nao, kwa sauti kubwa kuliko wote, huku nikijua kwamba njia ile sikumwona akiishika. Kila kitu cheupe kilichoelea nilidhani ni gauni. Nilisali Salamu Maria nikawa naipoteza katikati, naanza upya, naipoteza tena. Nilitaka kusema ukweli. Kila dakika iliyopita ikawa ngumu zaidi kuusema, maana sasa ningeulizwa, mbona ulituacha tukaingia majini?

Hilda, mtoto aliyekuwa anaongozana na Skola kwenda nyumbani, alikuwa amesimama ukingoni na mama yake. Hakuna aliyemuuliza kitu, ya nini, na mwalimu ameshasema? Nikamwendea nikachuchumaa. Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Hilda, Skola alipita wapi?"

Akaziba mdomo kwa kiganja. Nikambembeleza, nikamwambia sitamchapa. Akanitazama kama anayemshangaa mtu mzima asiyejua kitu cha wazi.

"Skola kaliwa," akasema.

"Kaliwa na nani?"

"Na fisi. Si ulimla mwenyewe, mwalimu? Na fisi hajatapika."

Nikageuka kuangalia juu, kule darasani. Juu ya mabua makavu ya mahindi kulikuwa na moshi.

Yesu na Maria! Sijui nilipandaje kile kilima. Nakumbuka viatu vilichomoka, nakumbuka miiba, nakumbuka nilikuwa napiga yowe lisilo na maneno. Bibi Getruda alikuwa nyuma yangu, mzee yule, anakimbia, hajui hata ninakimbilia nini. Nilipofika, fundi Xaveri alikuwa ameshauwasha mdomo wa kwanza na ameshika kicha cha nyasi kinachowaka, anaelekea wa pili. Midomo yote ilikuwa imeshapakiwa magogo tangu saa saba. Nikamrukia mkononi.

"Mwalimu, una wazimu?" akasema.

"Kuna mtoto ndani!"

Akatupa nyasi zile chini akazikanyaga. Wanaume waliotufuata kutoka mtoni wakauvamia ule mdomo uliowashwa, wakavuta magogo yakiwa na moto, wakatupia udongo wa kukandikia uliobaki, moshi ukatanda mpaka tukawa hatuonani. Mimi nilikuwa nang'oa kuni za mdomo wa tatu kwa mikono, kucha zinatoka, sisikii maumivu. Nani aliyepakia kuni bila kuchungulia? Hakuna aliyeuliza. Sisi sote tulijua hakuna mtu anayetegemea kukuta mtoto ndani ya tanuri.

Kuni zilipotoka tukachungulia. Giza. Fundi Xaveri akalala kifudifudi akajaribu kuingia, mabega hayakupita. Akaita. Kimya. Bibi Getruda akapiga magoti, akaita kwa Kingoni, akaita kwa Kiswahili, akaita kwa lile jina la nyumbani ambalo yeye peke yake alimwita mtoto yule. Kimya. Mwanamume mmoja akasema taratibu, "Humu hamna mtu." Mwingine akanong'ona kwamba moshi umeshafika katikati. Nikasikia mwanamke mmoja nyuma anaanza kulia ule mlio wa msibani, wenzake wakamnyamazisha.

Hapo ndipo nilipoelewa, mwanangu. Kama yumo na yu hai, hataitika. Nilimwambia mimi. Hata akiitwa na mama yake mzazi, hasemi.

Watoto walikuwa wameshatufuata, wamesimama pembeni wameshikana. Nikawaita wale watatu niliowala kabla yake. Nikawaambia wakae mbele ya mdomo wa tanuri. Kitenge sikuwa nacho. Mbele ya wazazi wote wale, na matope usoni, nikaanza kunguruma. Watu wakanitazama wakadhani akili imeruka. Nikasema, "Fisi tumbo linamuuma. Linamuuma sana. Fisi anajuta. Watoto aliowala ni wa bibi yao, si wake. Fisi anatapika. Anatoka mtoto wa kwanza!"

Yule wa kwanza akanitazama. "Moja," akasema.

"Anatoka wa pili!"

"Mbili."

"Anatoka wa tatu!"

"Tatu."

Nikashindwa kuendelea. Nakuambia ukweli, nilishindwa. Kwa sababu nikiita wa nne na kisitoke kitu, basi. Nikiwa bado sijaita, mtoto bado yu hai. Nilikaa pale naogopa neno moja, sijui ni kwa muda gani, mpaka Bibi Getruda aliponishika nyuma ya shingo kwa mkono wake mgumu akasema, "Malizia."

"Anatoka wa nne," nikasema.

Kimya. Halafu kule ndani kabisa, kikohozi. Na baada ya kikohozi, sauti ndogo, kavu:

"Nne."

Alitoka akitambaa, mwekundu wa vumbi kuanzia nywele mpaka vidole, macho yamemvimba. Alikuwa amelala, akaamka akakuta mlango umejaa kuni, akasikia watu wanamwita, akajibana kinywa kwa mikono ili asivunje sheria. Moshi ulipomfikia alijifunika uso na gauni. Hakulia. Alinitazama mimi, si bibi yake, akaniuliza, "Tayari?" Nilikaa chini palepale, nikalia kwa sauti mbele za watu, sikuona aibu.

Bibi Getruda hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga ya kuazima, mtoto mkubwa wa miaka mitano, akasimama mbele yangu. Nikafungua kinywa nimwambie kuhusu ule uongo, kwamba njia ya bondeni sikumwona. Akanitangulia.

"Nilikukataza kidole, mwalimu," akasema. "Majina nilikukataza lini? Sisi hatuhesabu watoto, lakini jioni tunawaita mmoja mmoja kwa jina, na asiyeitika tunamtafuta. Wewe umewahesabu asubuhi nzima kwa ajili ya fisi. Kuwaita mara moja kwa ajili yangu umeshindwa."

Akaondoka. Nami ule uongo nikaumeza, na ndugu zangu hapa Lizaboni hakuna anayeujua hadi leo hii ninapokuambia wewe. Bibi Getruda amekufa bila kuusikia.

Usidhani yaliishia pale. Skola alirudi shule, alikua, aliolewa Namtumbo, ana watoto. Lakini alipoingia darasa la kwanza mwalimu wake alinitafuta akanieleza jambo. Alisema, "Huyu mtoto ana akili, ila akihesabu, akifika tatu ananyamaza. Unamsubiri, unamsubiri, anakutazama tu." Yule mwalimu alidhani nimemfundisha vibaya namba. Namba nilimfundisha vizuri sana. Nilichomfundisha pamoja nayo ndicho kilichomfunga ulimi, na ilichukua mwaka mzima, mwalimu yule akimshika mkono, mpaka alipoisema nne bila kugeuka kuangalia mlango.

Kwa hiyo mwanangu, nisikilize. Sikuambii utupe mchezo wako. Watoto wanajifunza hesabu kwa hadithi kuliko kwa fimbo, hilo nimeliona mwenyewe na nitalisema popote. Lakini mtoto hana ukuta kati ya hadithi na maisha kama ulio nao wewe. Ukimwambia mamba anameza, kwake anameza kweli, na akikosea kujumlisha anajua nani kamuua yule bata. Mtoe mamba mdomoni mwa kosa. Mtoto akikosea, bata asubiri, hadithi ingoje, ajaribu tena. Na yeyote unayemtoa katika hadithi mrudishe kabla kengele haijalia, hata uji ukipoa. Usiwaachie watoto hadithi iliyokatika. Halafu kaa nao uwatazame nyuso wakati wanacheza, usiangalie majibu peke yake. Yule aliyetulia mno, anayepata kila jibu huku ameshika pindo la nguo yake, mfuate, muulize anaona nini. Na wakati wa kuondoka weka simu chini, waite kwa majina, kila mmoja akuitikie kwa sauti yake.

Haya mengine utayasikia hata kwenye semina zenu. La mwisho hutalisikia huko, kwa hiyo nalisema mimi. Utafanya kosa. Kila anayeshika watoto wa watu hufanya kosa. Kosa langu la tanuri lilikuwa la ujinga wa ujana, lingeweza kusahihishwa saa nane ileile, kuni zikiwa bado hazijawashwa, kama ningesema neno moja tu kwa yule bibi. Sikulisema. Watu waliteremka mtoni na fundi akawasha moto, kwa sababu mimi niliogopa kuonekana sijui.

Mungu akubariki, binti wa kaka yangu. Aibariki mikono yako na hiyo akili yako ya kutunga. Watoto wote unaowapokea asubuhi arudishe kila mmoja kwa mama yake, akiwa anacheka. Na siku utakayoulizwa mtoto yuko wapi, nawe hujui, Mungu akufungue kinywa useme palepale: sijui. Amina.